Majina ya Lugha na Hesabu ya Wasemaji: Somo la Chinongwe

Utangulizi

Kila panapozuka mjadala juu ya lugha, iwe ni katika semina ya makada au katika bweni la wanafunzi, swali la kwanza huwa ni hili: ina wasemaji wangapi? Muulizaji hutaka tarakimu, na akishapewa tarakimu huona mjadala umekwisha. Lugha yenye mamilioni ni lugha. Lugha yenye maelfu ni "kilugha", kitu cha kuchekea kwenye daladala na cha kuomboleza nacho msibani.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jambo hili si jepesi hivyo. Hesabu ya wasemaji wa lugha haishuki kutoka mbinguni. Yuko aliyeuliza, yuko aliyejibu, na kabla yao wote wawili yuko aliyekwisha kuamua kwamba kitu fulani kiitwe kwa jina fulani. Kwa hiyo ndani ya kila tarakimu ya wasemaji mna historia mbili: historia ya jina na historia ya karani. Asiyezichambua historia hizi mbili atabaki kuwa mateka wa tarakimu, na kada aliye mateka wa tarakimu hawezi kuwaongoza wananchi katika suala linalogusa heshima yao.

Tutaanzia nyumbani, Chinongwe. Kisha tutatazama nchi mbili za mbali, Ufilipino na Latvia, ambazo lugha zake zinafundisha somo hili kwa njia mbili zinazopingana. Tutapita kwa jirani yetu Msumbiji, halafu tutarudi Chinongwe na swali moja la kutenda.

Jina kabla ya hesabu

Chinongwe ni kata katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi. Kabla Ruangwa haijawa wilaya inayojitegemea, eneo hili lilikuwa chini ya Nachingwea. Anayesoma orodha ya kata za huku hukutana na Chinongwe, Chienjele na Chibula. Kiambishi hicho chi- ndicho kinachofanya katika lugha ya huku kazi inayofanywa na ki- katika Kiswahili. Mwenyeji akiitaja lugha yake kwa lugha hiyo hiyo hasemi Kimwera, husema Chimwera. Jirani yake Myao husema Chiyao. Ng'ambo ya Ruvuma Mmakonde huandika Shimakonde, na Mmakua huandika Emakhuwa, maana kwake kiambishi cha lugha ni e-. Kiswahili huzikusanya zote chini ya ki- yake: Kimwera, Kiyao, Kimakonde, Kimakua. Ramani za Kiingereza hukata kiambishi na kubakiza shina tupu: Mwera, Yao, Makonde, Makua.

Msomaji ataona kwamba hatujahesabu mtu hata mmoja, na tayari lugha moja ina majina matatu: jina la mwenyewe, jina la jirani na jina la mwenye ramani. Tena jina la Mwera linabebwa na watu wengine pia, wale wa upande wa Ziwa Nyasa karibu na Mbamba Bay, ambao lugha yao si hii ya Ruangwa na Nachingwea. Karani asiyejua tofauti hiyo atajumlisha watu wasiozungumza lugha moja, na tarakimu yake itakuwa safi machoni na mbovu ndani.

Tukichunguza majina yenyewe tunagundua jambo lingine. Mengi yalitokana na ardhi, wala hayakutokana na damu. Kiswahili ni lugha ya watu wa pwani, kwa neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Yohanna Abdallah, padri wa Kiyao aliyeandika historia ya watu wake ikachapishwa mwaka 1919, alieleza kwamba Yao lilikuwa jina la kilima kisicho na miti, mashariki ya Ziwa Nyasa. Jina la Wamakonde linahusishwa na uwanda wa juu wenye vichaka vizito. Majina haya yalijibu swali la mahali: wewe unakaa wapi? Hayakujibu swali la asili: wewe u wa damu ya nani? Mtu aliyehamia kilimani aliweza kuwa wa kilimani, na mtoto wake akasema lugha ya kilimani. Ni baadaye ndipo majina ya mahali yalipogeuzwa kuwa majina ya "makabila" yenye mipaka iliyofungwa.

Karani wa mkoloni

Waliofunga mipaka hiyo tunawajua. Wajerumani walipoitawala nchi hii walitumia maakida na Kiswahili cha ofisini. Mwaka 1905 watu wa Kusini walipoinuka katika Vita vya Maji Maji, Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wapogoro, Wangoni na wengine waliingia vitani na lugha zao tofauti, na neno lililowaunganisha, "maji", lilifahamika kote. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa mwaka huo. Somo la vita hivyo kwa watawala lilikuwa la wazi: watu wa lugha nyingi wanaweza kuwa na adui mmoja.

Waingereza walipoichukua Tanganyika, Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alianzisha utawala wa kupitia wenyeji. Utawala huo ulihitaji kila mwananchi awe na kabila, kila kabila liwe na mtawala, na kila mtawala awe na mpaka. Pale ambapo kabila halikuonekana wazi, lilitafutwa mpaka likapatikana. Hesabu za watu za mwaka 1948 na 1957 ziliwapanga Waafrika kwa makabila. Hesabu ya 1957 iliwaonyesha Wasukuma kuwa zaidi ya milioni moja, kundi kubwa kuliko yote nchini.

Hapa pana kosa la msingi ambalo mpaka leo linarudiwa na wasomi wetu. Hesabu hizo ziliuliza kabila, hazikuuliza lugha. Kisha watu wakachukua tarakimu ya kabila wakaiandika kuwa tarakimu ya wasemaji. Tazama jinsi jambo hilo linavyoharibika Kusini. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa desturi hufuata ukoo wa mama. Mtoto wa baba Myao na mama Mmwera, aliyezaliwa Chinongwe, aliyesoma kwa Kiswahili na anayezungumza Kimakonde kwa sababu ya jirani zake, aandikwe nini? Fomu ina nafasi moja, na mtoto huyo ana lugha nne. Karani ataandika neno moja, na lugha tatu zitakufa katika karatasi kabla hazijafa midomoni.

Karanga, reli na kambi

Wala tusidhani kwamba Chinongwe ilikuwa kisiwa kilichotengwa na dunia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ilijengwa kutoka Mtwara kuingia bara. Mpango ulianguka, na mwaka 1951 ulikwisha kuachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Reli nayo iling'olewa baada ya Uhuru mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karanga hazikuota kama zilivyotarajiwa, lakini kitu kimoja kiliota. Vibarua waliotoka sehemu mbalimbali walipewa amri, wakapokea mshahara na wakalalamikia mshahara huo kwa Kiswahili. Mashine zilipoondoka, lugha ilibaki.

Kabla ya hapo misheni zilikuwa zimefanya kazi yake. Askofu Steere aliwaleta watumwa waliokombolewa mpaka Masasi mwaka 1876, watu waliotoka pande nyingi na lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kilichowaweka pamoja kanisani na shuleni. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 iliikuta lugha hii tayari iko njiani, ikaichukua kuwa lugha ya mapambano. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwaka 1970 ukawa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wakulima wa Nachingwea, kama wenzao wa nchi nzima, wakakaa chini ya miembe kujifunza kusoma. Walijifunza kusoma kwa Kiswahili.

Tuyaeleze haya kwa usahihi. Kiswahili hakikuchaguliwa kwa sababu wasemaji wake wa kuzaliwa nacho walikuwa wengi. Hao walikuwa wachache, wa mwambao na visiwani. Kama hesabu ya kuzaliwa ndiyo ingeamua, tarakimu ya 1957 ingekipa Kisukuma ushindi. Kiswahili kilifaa kwa sababu hakikuwa mali ya kabila lolote kubwa, kilikuwa kimetembea na wapagazi, vibarua, walimu na wanasiasa, na muundo wake ulikuwa karibu na lugha nyingi za Kibantu zilizozungumzwa nchini. Leo wanaokizungumza duniani wanakadiriwa kupita milioni 200, na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Wingi huo ni matunda ya uamuzi wa kisiasa na kazi ya vizazi. Haukuwa sababu ya uamuzi.

Ufilipino: jina lililobadilishwa

Ufilipino ni nchi ya visiwa yenye lugha zaidi ya mia moja. Kitagalog ni lugha ya sehemu za Manila na majimbo yanayoizunguka. Jina lake kwa kawaida huelezwa kuwa linatokana na maneno yenye maana ya watu wa mtoni. Nalo, kama Yao na kama Kiswahili, ni jina la mahali. Tarehe 30 Desemba 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza kwamba lugha ya taifa ijengwe juu ya Kitagalog. Taasisi iliyotoa pendekezo hilo iliongozwa na Jaime de Veyra, mtu ambaye lugha yake ya nyumbani haikuwa Kitagalog.

Pamoja na busara hiyo, ugomvi ulizuka. Wasemaji wa Kisebuano wa visiwa vya kati waliuliza: kwa nini lugha yao na si yetu? Nao walikuwa na hoja, kwani tangu miaka ya 1950 mpaka karibu miaka ya 1980 waliozaliwa na Kisebuano walikuwa wengi kuliko waliozaliwa na Kitagalog. Waliodai kwa hoja ya wingi walikuwa na wingi, lakini hawakuwa na mji mkuu, magazeti na wizara.

Dola ilijibu kwa jina. Mwaka 1959 lugha ya taifa ikaanza kuitwa Kipilipino. Katiba ya 1973 ikazungumzia lugha ya taifa itakayoitwa Kifilipino, na Katiba ya 1987 ikathibitisha kwamba lugha ya taifa ni Kifilipino, itakayokuzwa kwa kuzitumia pia lugha nyingine za nchi. Sarufi yake kwa sehemu kubwa ni ile ile ya Kitagalog. Jina la mkoa lilivuliwa, likavikwa jina la taifa.

Je, ulikuwa ujanja? Wapo Wafilipino wanaosema hivyo. Lakini tusifanye haraka kucheka. Jina jipya lilimpa msemaji wa Kisebuano haki ya kusema "lugha yetu" bila kukubali kwamba yeye ni mgeni katika nyumba ya Mtagalog. Na tazama jinsi jina linavyoivuruga hesabu. Anayehesabu Watagalog atapata karibu robo ya Wafilipino. Anayehesabu nyumba zinazozungumza Kitagalog atapata karibu nne katika kila kumi. Anayehesabu wanaoelewa Kifilipino atapata karibu taifa zima. Zote tatu ni kweli, na zote zinahusu karibu kitu kimoja.

Latvia: wachache wenye dola

Sasa tutazame upande wa pili. Latvia ni nchi ndogo kwenye Bahari ya Baltiki, yenye watu wasiofika milioni mbili. Wanaozungumza Kilatvia kama lugha ya kwanza ni kama milioni moja na nusu. Mkoa wetu wa Lindi peke yake, katika sensa ya 2022, ulikuwa na watu 1,194,028. Hata hivyo Kilatvia ni lugha ya bunge, ya mahakama, ya chuo kikuu, na tangu mwaka 2004 ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Hakuna anayekiita kilugha.

Haikuwa hivyo zamani. Kwa karne nyingi ardhi ya huko ilishikwa na makabaila wa Kijerumani, na wakulima waliolima ardhi hiyo waliandikwa katika kumbukumbu za wenye ardhi kwa neno lenye maana ya "wasio Wajerumani". Lugha yao ikapewa jina la namna hiyo hiyo. Fikiri jina hilo, ndugu msomaji. Watu hawakutajwa kwa kile walichokuwa, walitajwa kwa kile ambacho hawakuwa. Nasi tulipoambiwa kwamba tunazungumza "lugha za kienyeji", mantiki ilikuwa ya namna hiyo: lugha moja ni lugha, nyingine zote ni za wenyeji.

Katikati ya karne ya 19 walitokea watoto wa wakulima waliopata elimu, wakakataa kuona aibu. Mmoja wao, Krišjānis Barons, alitumia miaka mingi kuzipanga nyimbo fupi za wananchi, nyimbo za shambani, za arusi na za mazishi. Kazi hiyo ilichapishwa kati ya mwaka 1894 na 1915 ikiwa na nyimbo 217,996. Ilipofika tarehe 18 Novemba 1918 nchi hiyo ikajitangaza huru, hakuna aliyeweza kusema kwamba lugha yake haina kitu. Waliokwenda vijijini na madaftari walikuwa wamekwisha kuutayarisha ushahidi.

Lakini somo la Latvia lina upande wake wa giza, na mchambuzi mwaminifu haufichi. Baada ya kuingizwa katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1940, nchi hiyo ilipokea wahamiaji wengi, na hesabu ya 1989 ilionyesha kwamba Walatvia wenyewe walikuwa asilimia 52 tu. Hofu ya kumezwa iliwaingia. Uhuru uliporejea mwaka 1991, lugha ikawa ukuta wa kujihami. Katika kura ya maoni ya Februari 2012, pendekezo la kukifanya Kirusi lugha ya pili rasmi lilikataliwa na karibu robo tatu ya wapiga kura. Tena ndani ya Latvia yenyewe kuna Kilatgalia cha mashariki. Katika hesabu ya 2011 watu 164,500 walisema wanakitumia kila siku. Wasemaji wake wamekuwa wakiambiwa kwamba wanachozungumza ni namna tu ya Kilatvia. Aliyeitwa mdogo jana, leo anamwita mwenzake mdogo. Ugonjwa wa kudharau lugha hauponi kwa kupata dola. Hupona kwa kupata fikra sahihi.

Jirani yetu Msumbiji

Hapa hapa Nachingwea palikuwa na mfano mwingine, nao ulipita mbele ya macho ya wazee wetu. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo Nachingwea tangu katikati ya miaka ya 1960. Wapiganaji walitoka kusini na kaskazini ya Msumbiji, na hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa nayo. Uongozi wao uliamua kukitumia Kireno, lugha ya adui, kuwa lugha ya umoja. Kwa hiyo katika wilaya moja mliishi maamuzi mawili: wananchi wa Nachingwea wakijiunganisha kwa Kiswahili, na wageni wao wapiganaji wakijiunganisha kwa Kireno. Hatuwalaumu. Hawakuwa na lugha iliyotembea nchi nzima kama Kiswahili kilivyotembea kwetu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1975 Msumbiji iliendelea kuuliza lugha ya mama katika hesabu zake za watu. Hesabu ya 2017 ilionyesha kwamba Kimakua ni lugha ya mama ya karibu robo ya wananchi, kubwa kuliko lugha nyingine yoyote nchini humo. Kimakua hicho hicho, kikivuka Ruvuma kuja Masasi na Nachingwea, kinageuka kuwa lugha ndogo. Msemaji ni yule yule, babu ni yule yule. Mto tu umekatiza. Ukubwa wa lugha, basi, si sifa iliyo ndani ya lugha. Ni uhusiano kati ya lugha na mpaka uliochorwa na mtu mwingine.

Tulichopata na tulichokosa

Nchi yetu iliuliza kabila kwa mara ya mwisho katika hesabu ya watu ya mwaka 1967. Hesabu za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na sisi tunautetea. Taifa changa lililorithi makabila zaidi ya mia moja halikuwa na sababu ya kuwakumbusha watu wake kila baada ya miaka kumi kwamba wao ni mafungu. Anayetilia shaka aitazame Rwanda, ambako Wabelgiji waliandika makundi katika vitambulisho miaka ya 1930, na vitambulisho hivyo vikawa vyeti vya kifo mwaka 1994. Lakini mfano huo huo unafundisha jambo la pili, ambalo aghalabu hatulisemi. Wanyarwanda wote walizungumza Kinyarwanda. Kilichowatenganisha kilikuwa fungu la kuzaliwa lililoandikwa na dola. Lugha haikuwa na hatia.

Tulipoacha kuhesabu makabila, tuliacha pia kuhesabu lugha, kana kwamba ni kitu kimoja. Hapo ndipo tulipokosea. Kwa hiyo leo, anayetaka kujua ni watu wangapi wanazungumza Kimwera hutegemea makadirio ya watafiti, ambayo mengine hutaja zaidi ya laki nne. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya kazi ya kuheshimika kwa kuchapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009. Kabla yake, mwaka 1950, Lyndon Harries alichapisha sarufi ya Kimwera huko Johannesburg, kwa Kiingereza. Lakini taifa lenyewe halijamwuliza mwananchi wa Chinongwe: nyumbani kwako mnazungumza nini?

Na wakati haungoji. Chinongwe ya leo hugawana lugha kwa kazi. Mnadani, ufuta na korosho huuzwa kwa Kiswahili. Shuleni, hospitalini na katika mkutano wa kijiji ni Kiswahili. Kimwera kimebaki kwa bibi na wajukuu, katika jando na unyago, katika kuwataja wahenga na katika majina ya mimea ya porini ambayo Kiswahili cha kitabuni hakiyajui. Kijana anayeona kwamba lugha ya bibi yake haina nafasi popote penye fedha au karatasi huanza kujibu kwa Kiswahili kila anaposemeshwa Kimwera. Hakuna aliyemkataza. Amesoma tu alama za nyakati. Bibi akifa, anakwenda na jina la mti, na jina la mti likienda, dawa iliyomo ndani yake inakuwa kuni.

Kazi iliyo mbele yetu

Kutokana na uchambuzi huu tunapata misimamo minne.

Kwanza, tukatae ukabila wa tarakimu. Asitokee mtu wa kusema kwamba lugha yake ina mamilioni na kwa hiyo ina haki zaidi. Wasebuano walikuwa na wingi, Wamakua wana wingi, Wasukuma wana wingi, na katika nchi zote tatu lugha ya taifa ilipatikana kwa njia nyingine.

Pili, tukatae pia dharau ya tarakimu. Latvia inatuonyesha kwamba watu wachache wanaweza kuikuza lugha yao mpaka ikabeba sheria na sayansi. Hatusemi kwamba Kimwera kiwe lugha ya mahakama. Taifa letu lina lugha yake, na umoja huo hatuuzi. Tunasema kwamba udogo si aibu. Tuanze na neno lenyewe: kada asimame mbele ya wananchi na kusema "lugha", bila kuidogosha kwa "kilugha". Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikwisha kuzitambua lugha zetu za jamii kuwa hazina ya taifa. Hazina haitajwi kwa jina la kejeli.

Tatu, katika hesabu ya watu ijayo liulizwe swali la lugha, wala lisiulizwe swali la kabila. Swali liwe: nyumbani mnatumia lugha gani? Na mjibuji aruhusiwe kutaja zaidi ya moja. Tofauti ni kubwa. Kabila humfunga mtu katika fungu moja tangu kuzaliwa. Lugha hujifunzwa; mtu anaweza kuwa na tatu, na kila anayeongeza lugha anaongeza majirani. Wapo watakaosema kwamba swali hilo litafungua mlango wa ukabila. Woga wao una historia ya kweli nyuma yake, na ndiyo maana swali liandikwe kwa uangalifu. Lakini ujinga haukuwahi kuwa ngao ya umoja. Daktari asiyejua lugha ya mgonjwa mzee, na mwalimu asiyejua lugha aliyokuja nayo mtoto wa darasa la kwanza, hawawi wazalendo zaidi kwa kutojua.

Nne, tusingoje karani wa serikali. Latvia haikungoja. Mwanafunzi wa Chinongwe anayerudi likizo na daftari, akakaa na bibi yake na kuandika jina la kila mti, kila methali na kila wimbo wa kulimia, pamoja na maana yake kwa Kiswahili, anafanya kazi ya kimapinduzi. Anaiandikia lugha ya mama ushahidi, na anaiongezea lugha ya taifa maneno ambayo isingeyapata kwa Kiarabu wala kwa Kiingereza. Aandike juu ya daftari hilo jina ambalo wenyewe hulitumia: Chimwera. Chini yake aandike Kimwera, ili Mtanzania wa Bukoba naye aelewe. Majina hayo mawili yakae pamoja katika ukurasa mmoja bila moja kulifuta jingine. Hivyo ndivyo tunavyotaka lugha zenyewe zikae katika taifa letu.